Mkaa unachomwa Dar, hesabu inaandikwa Kilwa

Jiji au mkoa wowote ukitangaza umepunguza hewa ukaa, mi huwa nataka kujua kitu kimoja kabla ya kupiga makofi: mpaka wa hesabu mmeuchora wapi? Hii ishu naifuatilia muda sasa na kadiri ninavyoisoma ndo naona kwamba mpaka ukiuhamisha kidogo tu, mchafu anakuwa msafi na msafi anakuwa mchafu, na hakuna aliyedanganya hata mmoja.

Kuna mwongozo wa kimataifa unaitwa GPC, ulitoka 2014, waliuandaa mashirika ya WRI, C40 (mtandao wa majiji makubwa duniani) na ICLEI, ndo miji mingi duniani inautumia. Wanagawa gesijoto, yaani hewa ukaa, methani na nyingine zinazoongeza joto la dunia, mafungu matatu. La kwanza ni zinazotoka ndani ya mpaka wenu wenyewe, magari, majiko, viwanda, dampo. La pili ni za umeme wa gridi mnaoutumia. La tatu ni zile zinazotoka nje lakini kwa sababu yenu nyie. Ukishagawa, unachukua kiasi kilichotumika, lita za dizeli, uniti za umeme, tani za taka, unazidisha na kiwango cha gesi kwa kila kipimo. Kwenye karatasi ni hesabu ya darasa la saba.

Sasa ilete Dar es Salaam, sensa ya 2022 ilikuta watu milioni 5.38. Sehemu kubwa ya jiji wanapikia mkaa, na kwa makadirio ya Benki ya Dunia ya 2009 Tanzania ilikuwa inatumia kama tani milioni moja za mkaa kwa mwaka na karibu nusu yake ilikuwa ni Dar peke yake. Nusu ya nchi nzima! Ila ukifuata GPC, hewa ukaa inayotoka mkaa ukiungua jikoni inaandikwa pembeni, haijumlishwi kwenye jumla ya jiji, kinachojumlishwa ni methani na gesi nyingine kidogo. Sababu yao inaeleweka, mti ukikatwa na ukaota tena basi ile hewa imerudi kwenye mti, na usipoota hasara inahesabiwa kule msitu ulikokuwa. Yaani wilaya kama Kilwa, Rufiji, Kisarawe, Kilosa, mkaa unakotoka. Kwa hiyo jiko liko Manzese lakini deni liko kijijini kwa watu ambao wengi wao mkaa wanauuza tu, wao wenyewe wanapikia kuni.

Na deni lenyewe ni zito kuliko gunia linavyoonekana. Tanuri la asili, lile la kupanga magogo ukafunika majani na udongo halafu ukaacha liungue taratibu siku kadhaa, linakula tani nane mpaka kumi za kuni kutoa tani moja ya mkaa, na likivuja hewa pembeni mkaa unageuka majivu unapata pungufu zaidi. Moshi wote wa tanuri, pamoja na methani, unatokea porini, hauonekani kabisa kwenye ripoti ya jiji kama fungu la tatu halijajazwa. Lakini pia tuwe wa haki, miombo, miti ya misitu hiyo, ni migumu kufa, kisiki kikiachwa kinachipua, msitu uliokatwa kwa mkaa ukaachwa upumzike unarudi. Usiorudi ni ule ambao baada ya mkaa kinapandwa ufuta au mahindi. Makadirio ya serikali yanasema nchi ilikuwa inapoteza zaidi ya hekta 460,000 za msitu kwa mwaka kati ya 2002 na 2013, kwa hiyo kipimo kizuri lazima kijue shamba liko wapi na kisiki kinachochipua kiko wapi, na hiyo huipati kwa kukaa ofisini na kikokotoo.

Umeme nao. Zamani tulitegemea sana gesi ya mitambo ya Ubungo na Kinyerezi, sasa bwawa la Nyerere la umeme wa maji limeingia, megawati 2,115, basi pasi ile ile na friji lile lile hesabu yake imeshuka bila mwenye nyumba kubadilisha chochote. Ni jambo zuri sana ila isiandikwe kama juhudi za mkoa, itenganishwe, hiki kimeshuka kwa sababu ya gridi, hiki kwa sababu watu wamehamia mwendokasi, hiki kwa sababu wamehamia gesi ya mtungi.

Hata majiji tajiri yana shida hii. C40 walipima miji 79 mwaka 2018 kwa kufuata kinacholiwa na kununuliwa badala ya kinachochomwa ndani ya mpaka, jumla ikapanda kama asilimia 60. Nguo, nyama, simu, vyote moshi wake ulikuwa umeandikwa kwa mwingine. Sisi mzigo tunausukuma mkoa wa pili, wao wanausukuma nchi ya pili.

Kwa nini naling'ang'ania hili? Mkakati wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia ifikapo 2034. Kama Dar ikifanikiwa, faida kubwa itaonekana kwenye misitu ya Pwani, Lindi na Morogoro, ripoti ya jiji itaonyesha kama hakuna kilichofanyika, na bajeti inafuata ripoti.

Mi ningefanya hivi. Kwenye mageti ya maliasili malori ya mkaa yanakaguliwa vibali, magunia yanahesabiwa, hizo namba ziwekwe wazi kila mwaka kwa wilaya ulikotoka na jiji ulikokwenda. Haitatosha maana mkaa mwingi unapita usiku kwa bodaboda njia za panya, kwa hiyo iwekwe pamoja na utafiti wa kaya, mnapikia nini, sado ngapi kwa wiki, na picha za setilaiti ambazo kituo cha kufuatilia kaboni pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro wana utaalamu nazo. Halafu ripoti ya Dar iwe na mstari wake kabisa: hekta zilizokatwa kwa ajili yetu, wilaya kwa wilaya.