Nilivyoiona Msondo kwa macho yangu

Marehemu baba alikuwa na redio moja na msimamo mmoja: yeye ni shabiki wa Msondo, bendi ya dansi, na mgeni wa Sikinde, bendi pinzani, alikaribishwa chai kwa shingo upande. Mimi nikazaliwa upande huo bila kuulizwa. Lakini mpaka nafika miaka 34 nilikuwa sijawahi kuiona bendi yenyewe jukwaani. Maskani yao Dar es Salaam, mimi nauza mitumba soko la Memorial, Moshi, na Jumamosi ndiyo siku ya mauzo.

Siku nikaona tangazo: Msondo Ngoma wanapiga Arusha. Kiingilio hakikunitisha, kilichonitisha ni kurudi. Kwenda ni kilomita 80 tu, Coaster zimejaa. Ila dansi likivunjika saa 9 usiku utapanda nini? Na gesti ingekula hela yote.

Nikamwendea fundi cherehani mmoja pale sokoni, mcheza dansi wa enzi zile. Baada ya shikamoo nikamweleza shida. Akacheka. "Mwanangu, dansi halilaliwi. Wakifunga vyombo unakwenda stendi, unakunywa chai, unadaka gari la kwanza." Nikamwambia twende wote, nauli juu yangu.

Tangazo lilisema saa 2 usiku. Mzee akakataa kabisa kuwahi, na alikuwa sahihi: tulifika saa 4 tukakuta viti vitupu na kijana anajaribu maiki. Bendi ilipanda karibu saa 5.

Redioni nilizoea waimbaji. Ukumbini nilichanganywa na vyombo: solo linasema lake, ridhim linasema lake, besi inakugonga kifuani, halafu tarumbeta zinaingia kwa pamoja mpaka unajikuta umesimama. Na pale wimbo unapoishia redioni, kule ndipo unapoanza. Waimbaji walisogea pembeni, magitaa yakaachiwa uwanja, watu wakachemka. Mzee alivua koti akanipa nishike, kisha sikumwona kwa nusu saa.

Yeye bado anaiita Juwata. Bendi ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa Juwata, ikawa OTTU, na Msondo lilikuwa jina la mtindo wao kabla halijawa la bendi. Nilijua waimbaji wao wakubwa walishaondoka, TX Moshi William alifariki 2006 na Gurumo 2014, kwa hiyo nilikwenda nikiwa nimejiandaa kusikia pengo. Mwimbaji kijana alipoanza ubeti ambao baba alikuwa akiuimba huku ananyoa ndevu, ukumbi mzima ulimpokea, yeye akanyamaza akatuachia. Sikuweza kuimba. Nilipanda jukwaani nikamtuza, nikambandika kwenye paji la uso noti zote zilizokuwa mfukoni.

Saa 11 alfajiri, stendi, baridi ya Arusha inakata masikio. Mzee amelipia chai, amelipia maandazi, amelipia Coaster. Mpaka tunapita Usa River bado ananiuliza:

"Hebu nikumbushe, nauli ilikuwa juu ya nani?"