Makopo arobaini ya maji

Jumapili, usiku

Jiko la mkaa liko sakafuni, sufuria ya uji iko jikoni inatokota, na mtoto anayeanza kutembea hushika chochote kilicho usawa wa kifua chake. Ndiyo sababu wadogo wengi huungua usoni, kifuani na mkononi, tena kwa kitu cha majimaji kuliko kwa moto wenyewe. Uji ni mbaya kuliko chai. Chai humwagika ikateremka, uji hunata pale pale ukaendelea kupika.

Neno hilo, kuendelea, ndilo linalonikaa kichwani leo. Sufuria ikishainuliwa watu huona ajali imekwisha, kumbe joto lililokwishaingia bado linashuka ndani ya ngozi. Kinacholizuia ni maji ya kawaida ya bomba, dakika 20, yakitiririka. Si ya barafu: barafu hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyokuwa bado na uhai ikafa. Hata aliyeungua saa mbili zilizopita amwagiwe, kwa kuwa maji husaidia mpaka kama saa 3 tangu kuungua.

Lakini dakika 20 na mtoto analia! Ya pili haijaisha, jirani ameshaita bodaboda. Pasipo bomba, ndoo moja ya lita 20 inatosha kabisa: kopo la nusu lita, limwagwe taratibu kwa nusu dakika, kisha jingine, makopo arobaini. Maji yakiwa haba weka beseni chini uyakinge, uyateke tena. Sehemu zisizoungua zifunikwe kanga kavu au blanketi, maana mtoto mchanga hupoteza joto upesi. Akianza kutetemeka au kulegea, acha maji. Na aliyeungua kwenye chumba chenye moshi, sauti ikamkwaruza au pua ikawa na masizi, huyo hasubiri kopo hata moja. Ni hospitali moja kwa moja.

Maji yakimwagwa, mwingine amvue mtoto nguo, nepi, bangili, shanga za kiunoni, kamba ya hirizi. Ngozi ikivimba, kamba hiyo hukaza kama kitanzi. Nguo iliyogandia isivutwe, ikatwe pembeni yake.

Dawa ya meno, samli, yai, unga: naelewa mkono unavyotafuta kitu cha kupaka, maana maji yanaonekana ni kitu duni mno kuitwa dawa. Ila vyote hivyo itabidi visuguliwe zahanati juu ya kidonda kibichi, na vikiwapo mhudumu haoni kina cha jeraha. Funika kwa plastiki safi nyembamba ya kufunikia chakula, ilazwe tu, isizungushwe. Au kitambaa safi kilichopigwa pasi. Malengelenge yaachwe.

Maumivu yanatibika. Parasetamoli ni miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6. Mtoto wa kilo 10 apate miligramu 150; kwa sharubati yenye miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 6 na kidogo, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani.

Kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole, ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Viganja kumi, au uso, mikono, nyayo, viungo, sehemu za siri, hata kama ni padogo, ni hospitali. Pakiwa peupe na haumii, usifurahi: hapo neva zimeungua.

Kisha kuna saa. Mtoto wa kilo 10 aliyeungua asilimia 15 huhesabiwa mililita 4 × kilo 10 × asilimia 15, yaani mililita 600 za dripu kwa siku nzima, juu ya zile za kawaida za mwili wake. Nusu yake iingie ndani ya saa 8 za kwanza, na saa hizo huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika mapokezi. Akiungua saa kumi jioni akafika saa mbili usiku, nne zimeshaliwa njiani. Mililita 300 zimebakiwa na saa nne tu. Asiyeijua saa ya ajali hukisia. Kwa hiyo kabla ya kupanda bodaboda, andika saa kwa kalamu, nyuma ya kadi ya kliniki au kwenye mkono wako mwenyewe.