Mistari Miwili

Mwaka 2018 nilikuwa nikijitolea kama mkalimani katika kituo cha afya ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda. Wauguzi walizungumza Kinyankole na Kiingereza, wagonjwa wengi Kiswahili cha Kongo.

Asubuhi moja akaja mama kijana, mtoto wa wiki 6 mgongoni, macho yamevimba kwa kulia. Alikutwa na VVU akiwa mjamzito, akaanzishiwa ARV palepale. Ndivyo Uganda inavyofanya kwa wajawazito tangu 2012. Alimeza kidonge chake kila jioni. Kisha jirani akamshawishi ampeleke mtoto kwenye duka la dawa. Wakamtoboa kidole, ikatokea mistari miwili, ishara ya VVU, wakachukua hela yao basi.

"Dada, nimemuua mtoto wangu," aliniambia. Jioni iliyopita hakumeza dawa. Aliona ya nini tena.

Sista alinitaka nitafsiri polepole. Kipimo kile cha haraka hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili, na kingamwili za mama humpitia mtoto tumboni. Zinaweza kukaa kwenye damu yake hadi miezi 18. Nilitafsiri, hakuniamini. Nikaacha maneno ya sista, nikasema yangu: "Ulimpa mwanao askari wako wamlinde. Wale wa dukani wamewaona askari wako wakasema ni adui." Hapo akaacha kulia, akaniuliza adui mwenyewe anaonekanaje.

Swali zuri, na jibu lake lilikuwa mezani: kadi ngumu nyeupe yenye duara tano. Sista alimpasha mtoto kisigino kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, akamchoma ubavuni mwa kisigino, akaacha damu ijaze duara moja baada ya jingine bila kuikandamiza ngozi. Mtoto alipiga kelele kituo kizima kikasikia. Kadi ikawekwa ikauke mbali na jua, halafu ikaingia kwenye mfuko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Kutoka hapo ni pikipiki, kisha gari hadi maabara kuu Kampala, ambako kipimo cha PCR husaka vinasaba vya kirusi chenyewe. Damu ikishakauka haihitaji barafu, ndiyo maana hata mtoto wa Nakivale anapimwa kwa mashine ya Kampala. Jambo hilo hadi leo linanifurahisha.

Duka lile linanikera bado. Kuuza kipimo bila neno moja la maelezo kwa mama anayenyonyesha ni kumweka mtoto hatarini, kwa sababu mama akiacha dawa virusi vinaongezeka, na maziwa yanavibeba.

Majibu yalikawia, lakini kila nilipopita kwake alinionyesha chupa ya vidonge ikipungua. Yalipofika, kirusi hakikuonekana. Alinikumbatia, kisha akamgeukia sista: je, aache kunyonyesha sasa?

"Mwambie aendelee," sista akasema, "na dawa asiache. Kipimo kingine mtoto akifikisha miezi 9."

Nikamwambia. Akaomba tarehe iandikwe kwenye kadi ya mtoto kwa wino mwekundu.