Dolphin ilivyorudishiwa injini ya Kifaransa

Helikopta ya HH-65 Dolphin asili yake ni Ufaransa, kiwanda cha Aérospatiale, na ndugu zake wa kiraia waliruka na injini ya Arriel ya Turbomeca. Zile za Walinzi wa Pwani wa Marekani peke yake zilifungwa LTS101 ya Lycoming, kwa kuwa sheria ya manunuzi ya serikali ilitaka sehemu kubwa ya thamani ya ndege itoke Marekani. Uamuzi ule ulikuwa wa karatasi, na mafundi waliulipia kwa miaka 20.

Ndege zilianza kazi katikati ya miaka ya 1980, kisha zikawa zinanenepa. Kila kifaa kipya kilichofungwa kilikula mafuta au nafasi ya mtu wa kuokolewa. Siku za joto rubani alilazimika kuchagua: abebe mafuta ya kufika mbali, au abaki na nguvu ya kuelea juu ya jahazi huku winchi ikivuta watu. Ilipofika 2003, taarifa za injini kupoteza nguvu angani zilikuwa zimezidi. Januari 2004 ikaamuliwa ndege zote zibadilishiwe injini, na iliyochaguliwa ni Arriel 2C2-CG, yenye nguvu zaidi kwa takriban asilimia 40. Ndege iliyokwisha kubadilishwa iliitwa HH-65C.

Kazi ilifanyika Elizabeth City, North Carolina, kwenye karakana kuu ya ndege za kikosi hicho, na mimi nilikuwa mmoja wa mafundi. Ndege ninayoikumbuka zaidi ni ya majira ya baridi ya 2005.

Kutoa injini kuukuu ni kazi nyepesi. Unafunga mabomba ya mafuta na oili kwa vifuniko papo hapo, si baadaye, maana chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye bomba la oili utaikuta kwenye beringi. Unachomoa shafti inayokwenda kwenye giaboksi kuu, unaning'iniza injini kwa kamba ya krini, unalegeza vishikizo, unainua polepole huku mtu mmoja akichungulia chini kuona waya uliosahauliwa. Daima upo mmoja.

Kazi nzito ni kilichobaki. Sakafu ya injini na kuta za kuzuia moto zimekaa kwenye hewa ya chumvi miaka mingi. Chini ya kila bamba la chuma cha pua lililogusana na alumini utakuta unga mweupe. Unaukwangua mpaka alumini safi, unapima unene uliobaki, unapaka dawa ya kutu na rangi ya msingi, ndipo vishikizo vipya vifungwe. Anayeruka hatua hii atairudia baada ya miaka michache, na safari hiyo atabadilisha bamba zima.

Injini yenyewe inakuja kwa moduli tano, ya kwanza ikiwa giaboksi ya vifaa na shafti, ya mwisho giaboksi ya kupunguza mizunguko. Hii ni raha ya fundi: moduli ikiharibika unabadilisha hiyo hiyo, injini nzima haisafirishwi. Bolti zikishakazwa kwa spana ya torki zinafungwa waya wa usalama wa milimita 0.8, umesokotwa mara 6 hadi 8 kwa kila sentimita mbili na nusu, ukivuta kuelekea upande wa kukaza. Ukisokota kupita kiasi waya unakakamaa, na mtetemo unaukata.

Tofauti kubwa ilikuwa kompyuta ya injini, FADEC. Inapokea mizunguko, joto na torki, halafu inaamua mafuta yaingie kiasi gani. Hivyo ndege ilihitaji kifungu kipya cha waya kutoka injini hadi kompyuta. Chetu kililetwa na karakana ya nje, kikiwa tayari kimefungwa plagi. Tulipima kila waya kwa mita, mwisho hadi mwisho, na kila mmoja ulikuwa mzima.

Siku ya kuwasha, kwanza tuliizungusha injini kwa starta bila moto, tukakagua kama mafuta au oili inavuja. Pakavu. Tukawasha. Joto likapanda kama inavyotakiwa, shinikizo la oili likakaa, injini ikatulia kwenye mzunguko wa chini. Dakika chache baadaye taa ya hitilafu ya kompyuta ya injini ya kulia ikawaka, ikazimika, ikawaka tena. Tukazima. Umeme ukiwashwa injini ikiwa imelala, hitilafu haionekani.

Hitilafu ya namna hiyo, inayotoka na mtetemo au joto, mtu asikimbilie kubadilisha kompyuta. Ni ghali, na kwa kawaida haina kosa. Wala usichomeke megga, kipimo cha insulesheni kinachotumia volti kubwa, huku kompyuta ikiwa bado kwenye laini, kwani utaiua wewe mwenyewe. Tulichomoa plagi zote mbili, tukashika kioo cha kukuzia na kutazama uso wa plagi kwa ubavu. Pini zote zinapaswa kuwa kimo kimoja. Moja ilikuwa imerudi nyuma kiasi cha unene wa ukucha.

Maelezo yake ni haya. Pini ikisukumwa ndani ya plagi lazima ivuke kibano kidogo kitakachoizuia kurudi. Hii haikuvuka. Kwenye meza, ncha ya mita iliigusa vizuri, kwa hiyo kipimo kilisoma sawa. Plagi ilipokutana na mwenzake, pini ikasukumwa nyuma, ikabaki inagusa kwa ncha tu, na injini ilipotetemeka mguso ukakatika. Mita haiwezi kukuonyesha hilo, mkono unaweza. Vuta kila waya taratibu kutoka nyuma ya plagi, au sukuma kila pini kwa kifaa chake chenye springi kutoka mbele. Isiyoshika itasogea.

Tukaisukuma pini hadi ikalia, tukapima zote zilizobaki, tukawasha upya. Taa haikurudi. Baada ya kuzima tulifungua plagi za sumaku zinazonasa chembe za chuma kwenye mfumo wa oili: utando mwembamba wa kijivu kama unga, jambo la kawaida kwa injini mpya. Ungekuwa vipande vyenye kona, ndege ingebaki hangani.

Kwenye ukaguzi wa angani marubani walizima nguvu ya injini moja makusudi, na hapo ndipo fedha za mradi zilipoonekana zimekwenda wapi. Nguvu ya ziada ina maana siku injini moja inapokufa huku mwokoaji yuko majini na kebo iko chini.

Ndege iliyofuata ilikuwa imeshavuliwa injini zake. Kifungu chake cha waya kilivutwa pini kwa pini mezani, kabla hakijaingizwa kwenye bodi, na zikapatikana pini nyingine mbili zisizoshika.