Siku moja chini ya tela, Ruaha Mbuyuni

Swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye kazi hii ni hili: "Fundi, pedi zinakaa muda gani?" Ni pedi za breki, vile vibao vinavyobana diski ili gurudumu lisimame. Wanaouliza ni matajiri, yaani wenye magari, kwa simu, na wanataka namba. Jana tajiri mmoja aliniuliza mara nne. Ngoja niwasimulie hiyo jana, maana kuna watu wanadhani fundi breki wa malori ni mtu wa kufungua nati na kufunga nati.

Saa 11 alfajiri. Huwa naamshwa na harufu. Malori yanayotoka Zambia na Congo yakishamaliza mteremko wa Kitonga yanapita Mahenge, halafu yanakuja kwetu, na breki iliyoungua inanuka kama nywele na mpira vimechomwa pamoja. Nikiwa bado kitandani najua nani kashuka kwa gia na nani kashuka kwa mguu. Wazee wa barabara hii wana msemo wao, gia uliyopandia ndiyo ushukie, na asiyeufuata namjua kwa pua. Jana nilitoka nikakuta utingo anamwagia maji ngoma ya gurudumu inayotoa moshi. Nikamkimbilia na ndoo yake nikaichukua. Ngoma ya moto ukiipiga maji inapasuka, na hiyo ndiyo breki yenyewe.

Saa 12 hadi saa 3: Canter mbili za vitunguu, mpira wa upepo uliotoboka, grisi, chai na chapati mbili.

Saa 3 na robo ikaingia semi iliyobeba shaba, kichwa cha Ulaya chenye diski, tela la ekseli tatu lenye ngoma. Dereva ni mtu mzima, nikamwamkia shikamoo mzee. Akaitikia marahaba kwa haraka, halafu hapo hapo: "Wewe ndiye uliyeniwekea pedi feki."

Mimi nina daftari. Namba ya gari, tarehe, kilomita, nilichoweka. Nikalifungua: pedi za mbele na nyuma, miezi miwili nyuma, kilomita 11,400 zilizopita. Nikatoa gurudumu la mbele nikapima na rula. Pedi ya gari lile ikiwa mpya ina milimita 30 pamoja na bati lake, kwa hiyo nyama ya kuliwa ni 21. Zilibaki 3. Diski ilikuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino, ila hazijafika ukingoni, kwa hiyo inafaa bado. Mzee akanitazama kama aliyemkamata mwizi, akapiga simu kwa tajiri, akaweka spika utadhani tuko mkutanoni.

"Fundi, pedi zinakaa muda gani?" Mara ya kwanza.

Nikamwambia inategemea. Kosa langu. Tajiri hapendi neno hilo. Akasema mwenzake magari yake yanakaa na pedi mwaka mzima, barabara hiyo hiyo, shaba hiyo hiyo. Akauliza tena. Akaongeza kwamba hanilipi mpaka nieleze. Mimi nikasema sawa, nikachukua chaki nikaingia chini ya tela.

Mzee akanifuata. "Tatizo liko kwenye kichwa, wewe unaenda kwenye tela?"

Ndiyo, mzee wangu. Kila chemba ya upepo, kile kikopo kinachosukuma breki ya gurudumu, ina fimbo inayotoka kusukuma silaki, kile kimkono kinachobana breki. Unachora chaki kwenye fimbo pale inapotokea, unamwambia utingo akanyage, unatazama chaki imesogea kiasi gani. Kwa chemba za ukubwa ule fimbo ikizidi inchi 2, breki imelegea. Utingo akakanyaga. Chaki ikasogea karibu inchi 2 na nusu, fimbo ikafika mwisho wake, na gurudumu nililolipiga jeki bado nalizungusha kwa mkono. Nikaenda la pili. Hivyo hivyo. Magurudumu yote sita.

Nikafungua ngoma moja. Laini za breki, zile zinazosugua ngoma kwa ndani, nene kama kidole gumba, karibu mpya. Ngoma kwa ndani ina kutu, kama sufuria iliyosahauliwa nje wakati wa masika. Pale ndipo penye jibu la tajiri: tela na mzigo wake, tani zaidi ya 30, lilikuwa halifungi breki kabisa. Kichwa peke yake ndicho kilichosimamisha kila kitu, kuanzia Tunduma hadi hapa, Kitonga ikiwemo. Mwambie mtu mmoja abebe jeneza la watu sita uone mabega yake.

Nikamuuliza utingo nani kalegeza. Kijana akamtazama mzee. Mzee akatazama barabara. Mwishowe akasema gurudumu moja la tela lilikuwa linashika na kuchemka, akaona alegeze yote, tena mvua zilikuwa zinanyesha na aliogopa tela lisimkunje.

Hapo sikumcheka, maana hofu hiyo wanayo wengi. Lakini mambo yako kinyume. Kichwa kikifunga breki na tela halifungi, tela linakuja na uzito wake wote linakisukuma kwa nyuma, na njia ikiwa na utelezi ndivyo gari linavyojikunja. Tela linalofunga sawasawa linavuta nyuma na kuinyoosha gari. Nilimchorea mchangani kwa bisibisi. Hakunijibu, ila alikaa akautazama ule mchoro.

Pedi zikaagizwa Iringa zije na basi. Basi likachelewa. Jua la bonde hili linafahamika, mibuyu yenyewe imevua majani, na mimi niko mgongoni chini ya chuma. Silaki ya gurudumu la sita ilikuwa imegandana, spana ikaponyoka, ngozi ya vidole vitatu ikabaki kwenye fremu. Nikafunga kitambaa nikaendelea. Saa sikuitazama tena. Nakumbuka mama ntilie alinifuata na wali maharage na nilikula pale chini, nimelala kiubavu. Nakumbuka tajiri alipiga mara ya tatu na swali lake. Nakumbuka giza likaingia na aliyenishikia tochi ni mzee, utingo amelala kwenye kabini.

Pedi mpya zikaingia, breki za tela zikakazwa, tukatoka barabarani kujaribu. Mzee anaenda, anakanyaga, anaenda, anakanyaga. Tuliporudi nikazunguka tela nikiweka mgongo wa mkono karibu na kila habu, yaani kitovu cha gurudumu. Joto, joto, joto, joto, joto. La sita baridi. Ni lile la silaki iliyogandana. Nilikaa chini kidogo kabla ya kulirudia, nasema ukweli. Mzee hakusema kitu, alininunulia soda.

Safari ya pili la sita nalo likawa na joto.

Nikiwa nanawa na sabuni ya unga, ule weusi wa breki usiotoka kwenye kucha, simu ikaita. Tajiri. "Haya fundi, hizi mpya zitakaa muda gani?"

Nikampa mzee simu. Akaitazama kwanza, akazima spika, akaenda kuongelea nyuma ya tela.