Nilivyochonga gari la mbio, Tyrrell ya magurudumu sita, kwa mpingo

Wachongaji wa hapa Mikindani walinipa ushauri wa aina mbili, na wote umenipotezea miti mizuri. Kwanza waliniambia mpingo mbichi uanikwe juani ukauke upesi. Pili, kwamba kazi ya Kimakonde lazima itoke kwenye kipande kimoja. Kwa kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliobebana, sawa kabisa. Kwa gari la langalanga, haiwezekani.

Juani mpingo hupasuka kuanzia nchani. Dawa yake ni kuyeyusha mshumaa, kupaka nta ncha zote mbili, kisha kuulaza kivulini na kuusahau kwa miezi.

Hilo la kipande kimoja ndilo lililonikera zaidi. Gari la langalanga magurudumu yake yako nje ya bodi, yameshikwa na mikono myembamba ya saspensheni. Nyuzi za mti zinafuata urefu wa gari, lakini mikono inatoka ubavuni, kwa hiyo inakata nyuzi. Unachonga siku nzima, mkono unapendeza, halafu tupa inaugusa kidogo tu: tak! Na mimi nilikuwa nachonga Tyrrell P34, ambayo mbele ina magurudumu manne.

Gari hilo nalipenda kuliko yote. Derek Gardner alilisanifu kwa magurudumu madogo ya mbele, rimu za inchi 10, yajifiche nyuma ya bawa la pua yasipambane na upepo. Mwaka 1976, kule Anderstorp, Uswidi, Jody Scheckter alishinda nalo na Patrick Depailler akawa wa pili. Ubavuni mwa dereva kuna vidirisha, aone matairi ya mbele. Nimevichonga navyo.

Suluhisho nililipata kwa fundi baiskeli: spoku kuukuu. Aliniuliza, “Kaka, spoku za nini na baiskeli huna?” Nikamwonyesha picha kwenye simu, akanipa fungu zima bure. Nilizikata kwa koleo, nikatoboa bodi kwa spoku nyingine iliyochomwa mkaani hadi ikawa nyekundu. Mpingo una mafuta, gundi haishiki hivi hivi. Futa tundu kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, kwanza, acha pakauke, ndipo utie supa gluu. Mzee mmoja alinambia, “Mwanangu, mpingo hauchomekwi chuma.” Umechomekwa, na gari unalibeba kwa kushika magurudumu.

Matairi ni soli ya kandambili nyeusi. Kisu kinaacha kingo za mawimbi, mkasi ndiyo kabisa. Nilichukua vipande vya bomba la chuma vya unene tofauti, nikanoa midomo yake kwa tupa, nikapaka soli maji ya sabuni, nikazungusha bomba huku nalikandamiza. Duara linatoka safi. Kwa kipimo cha 1/12, yaani gari halisi kugawanya kwa kumi na mbili, rimu ya inchi 10 inakuwa milimita 21, na ya nyuma, ya inchi 13, inakuwa kama 27 na nusu. Shika vipimo hivyo. Vikikosewa, gari zima linaharibika sura.

Bodi yenyewe ni tezo, patasi, tupa na msasa, basi. Ila funga kitambaa puani, vumbi la mpingo linawasha na kubana kifua.

Wengine wananisukuma nilipake bluu kama lilivyokuwa uwanjani. Anayetaka bluu, kampuni ya Tamiya ya Japani wametoa la plastiki la kipimo hicho hicho. Langu nimeliacha jeusi, na ule weupe wa pembeni mwa mti nimeupangia uangukie ukingo wa bawa la nyuma. Gharama zote, tuseme elfu ishirini na ushee, nyingi ni msasa na gundi.

Hilo ni namba 3, la Scheckter. Mti wa namba 4, la Depailler, umeshapakwa nta.