Siku moja ya dereva wa wageni Oman: Maskati, Nizwa, Jabal Akhdar na kurudi

Saa 10 na nusu alfajiri

Ijumaa watu wa Maskati wanalala, ila sisi madereva wa watalii ndiyo siku yetu ya kazi. Soko la mbuzi la Nizwa ni Ijumaa asubuhi, na mgeni akilikosa anakununia mpaka uwanja wa ndege.

Kabla sijawasha gari nachukua kitambaa kibichi. Nafuta kioo cha mbele kule juu inakokaa kamera, halafu nafuta nembo ya kampuni pale kwenye grili. Nyuma ya nembo ndipo ilipo rada ya kruzi, ule mtambo wa kushika mwendo. Jana nilikuwa kwenye wadi, yaani bonde la mto, na tope likishakauka pale, gari linaweza kuikataa kruzi katikati ya safari likaandika kwenye dashibodi kwamba halioni mbele. Bora likatae hapa nyumbani.

Saa 11

Nimewachukua hotelini Qurum, mume na mke, Wajerumani wastaafu. Januari ndiyo msimu wao, wanakimbia baridi kwao.

Mjini situmii kruzi, natumia limita. Watu wengi wanavichanganya vitu hivi. Kwenye kruzi unaondoa mguu, gari linashika mwendo lenyewe, na kama ina rada linapunguza likikuta gari mbele. Limita haikuendeshi. Unakanyaga mafuta mwenyewe, lakini ukiiweka 80, ikifika 80 gari haliitiki tena hata ukandamize. Ukipata dharura unakanyaga mpaka chini kabisa, inakuachia. Kwa njia zetu za mjini, zenye mizunguko na kamera kila pahala, hiyo ndiyo rafiki yangu. Mgeni anakuuliza habari za msikiti, wewe unageuza shingo kumjibu, na mguu nao unasahau. Limita haisahau.

Saa 12 kasorobo

Tumesimama Fanja, kwenye msikiti wa kituo cha petroli. Nimeswali Alfajiri, wageni wamekunywa chai ya karaki. Tunaingia njia kuu ya Nizwa, na hapo kruzi.

Naiweka 118, na si kwa bahati mbaya. Magari mengi yanayouzwa huku Ghuba yana kikengele kinacholia ukigonga 120, na kikianza hakinyamazi mpaka ushuke. Ukiiweka kruzi 120 kamili, kila kimteremko gari linazidi kidogo, basi ting, ting, ting mpaka Nizwa. Wapo wanaopeleka gari gereji kikengele kikakatwa. Mimi changu nimekiacha. Kinaudhi, ndiyo, lakini hakina mjadala: kinalia kwa mwenye gari, kinalia kwa dereva, kinalia kwa mtoto wa shekhe.

Yule bwana akacheka, akanambia kwao sasa ni balaa zaidi. Tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa Umoja wa Ulaya lazima lisome vibao vya mwendo na kumtahadharisha dereva akizidisha. Unaruhusiwa kuuzima mfumo huo, ila ukiwasha gari tena nao umeamka. Yeye kila asubuhi ni kuuzima kwanza ndipo atoke nyumbani. Mkewe akadakia: anauzima kisha anapigwa picha na kamera. Tukacheka sote, yeye kidogo kuliko sisi.

Saa 12 na nusu

Pande za Izki, njia inapopinda baina ya milima. Mbele yangu lori la maji, linakwenda 90, na upande wa kushoto magari yanapita hayakatiki. Basi kruzi imelishika lori, tunalifuata taratibu. Mara lori likawasha taa ya kulia, likatoka. Gari langu, kwa kuona njia nyeupe, likavuta pumzi na kuanza kuitafuta 118 yake. Na mbele, kama mita mia tatu, kuna koni za ujenzi na pikapu imesimama kabisa.

Nilishaweka mguu kwenye breki kabla halijafika mia. Wala sikushtuka, kwa sababu nalijua. Rada ya kruzi ni hodari sana kwa kitu kinachokwenda, ila kilichosimama ni mtihani. Daraja limesimama, kibao kimesimama, reli ya pembeni imesimama, na vyote vinarudisha mwangwi. Gari lingepiga breki kwa kila kimoja usingefika popote, kwa hiyo waliolitengeneza wamelifundisha kuvipuuza vingi katika hivyo. Pikapu iliyosimama inaweza kuingia kwenye hesabu hiyohiyo. Kitabu cha gari kimeandika, lakini nani anasoma kitabu cha gari?

Saa 1 mpaka saa 4

Nizwa. Mbuzi wanazungushwa, wazee na bakora zao wanapiga bei, wageni wanapiga picha. Ngome, halua, kahawa. Hapa dereva hana kazi ila kutafuta kivuli.

Saa 4 na nusu

Birkat al Mouz, chini ya mlima wa Jabal Akhdar. Askari anatazama leseni na anatazama gari. Kama si foo-wili, gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, hupandi, maneno mafupi. Toka hapa mpaka uwanda wa Saiq unafika kama mita 2,000 juu ya bahari, na njia ni kona juu ya kona. Kruzi nimeizima tangu chini. Kwenye kona kali rada inatazama ukuta wa mlima au gari la njia nyingine, halafu inakata shauri lake. Mlima huu mimi simwachii mtu, seuze mashine.

Saa 7 mchana

Nimeswali Ijumaa Saiq. Wageni wako hotelini wanaangalia korongo. Mikomamanga iko uchi msimu huu, lakini hewa yake wallahi ni dawa.

Shemeji amepiga simu kutoka jangwani. Yeye anaendesha kwa mkandarasi wa visima vya mafuta, na gari lake lina kisanduku kinachoandika kila kitu: mwendo, mkanda, breki ya ghafla. "Shemeji," ananambia, "ngamia kaniingilia jana, nikapiga breki, leo ofisini wananiuliza kwa nini nimepiga breki." Sasa awaambie nini? Ngamia hasaini fomu. Ila mwenyewe anakiri kwamba tangu kuwekwa visanduku hivyo, wale vijana waliokuwa wakishindana kwenye barabara za vumbi wametulia, na yeye usiku analala.

Saa 9

Kushuka. Hapa ndipo ninapowaona watu wa mjini na magari yao ya kisasa, taa za breki zinawaka mfululizo toka juu mpaka chini. Kuna mmoja nilimpita pembeni, boneti juu, harufu ya breki imejaa njia nzima. Limita haikusaidii hapa. Nyingi zinazuia mafuta tu, na mteremkoni si mafuta yanayokusukuma, ni uzito wa gari. Natia gia ya chini kabisa, injini inanguruma na kulizuia gari, breki naigusa kwenye kona tu. Ile michepuko ya changarawe pembeni mwa njia, ya kulisimamisha gari lililoishiwa breki, haikuwekwa kwa mapambo.

Yule bibi akaniuliza kwa nini gari linapiga kelele hivi. Nikamwambia hiyo kelele ndiyo breki yetu. Akaridhika, akafunga macho.

Saa 11 na nusu jioni

Tunakaribia Maskati, na waliokwenda vijijini kwao tangu Alhamisi wameanza kurudi. Kruzi nimeiweka nafasi ndefu kabisa, zaidi ya sekunde mbili nyuma ya gari la mbele. Kwenye 120 gari linakula mita 33 kwa sekunde, kwa hiyo mbele yangu kuna kama mita 70 tupu. Kwangu mimi hiyo ni nafasi ya kuishi. Kwa kijana mwenye Lexus nyeupe ni nafasi ya kuegesha. Anaingia, gari langu linapunguza ili lijenge tena mita zake 70, anaingia mwingine, linapunguza tena. Nyuma nako mtu ananipigia taa, anadhani nimelala. Ukifuata adabu ya mashine hapa utarudi Nizwa kinyumenyume.

Ukiifupisha nafasi hawaingii, lakini breki ya ghafla ya mtu wa mbele inakuwa yako. Nimeizima kruzi, nimerudisha limita kwenye 100, nimehamia njia ya kulia. Kwenye foleni ya watu wenye haraka nataka mguu wangu, basi.

Saa 3 usiku

Nyumbani. Mama kaniwekea samaki wa nazi. Ujumbe wa ofisi umeingia: kesho Bidiyah, wageni wanne, kulala mchangani. Huko kruzi na limita zote kaput, unapunguza upepo wa tairi na kukanyaga bila kusitasita mpaka upande tuta. Kompresa yangu ya kujazia upepo kaazima jirani, lazima niifuate kabla hajalala.